Barafu ya Samaki kwenye Kifundo cha Dada

Ilianza Jumatano ya wiki ya pili ya likizo ya Agosti, saa kumi na moja na dakika ishirini jioni. Saa nina uhakika nayo, kwa sababu dada yangu aliingia getini akichechemea, nyuma yake akaingia kochi wake wa riadha na saa tatu za kupimia mbio zikining'inia shingoni, na jambo la kwanza kochi alilofanya ni kututangazia ni saa ngapi, kana kwamba dada alikuwa amevunja rekodi ya kuumia.

"Ni kifundo," alisema. "Ameteleza kwa matope. Kitu kidogo."

Kitu kidogo kilikuwa kimevimba kama andazi.

Kwa wale ambao hawakai huku Kiplombe, nieleze. Huku kwetu mtoto akizaliwa na miguu miwili, watu wanaanza kuuliza atakimbia mita ngapi. Kila asubuhi nyuma ya nyumba yetu wanapita watu waliovaa jaketi za nchi ambazo hawajawahi kufika. Dada ni mmoja wao. Alimaliza fomu four mwaka juzi, na tangu hapo kazi yake ni kukimbia, kula, kulala na kukimbia tena. Mimi niko fomu three na sikimbii. Wageni wakija ndipo nakimbia, mpaka chumbani, na kwa hiyo mbio hakuna mtu Eldoret nzima anayenishika.

Lakini Jumatano hiyo haikuwa ya mchezo. Jumamosi kulikuwa na mashindano ya mbio kule Soy, na mtu mmoja mwenye kambi ya wanariadha alikuwa amesema atakuja kuangalia wasichana, achukue wawili. Kambini kuna chakula, kuna viatu, na kuna mtu wa kukutafutia mbio za ng'ambo. Nafasi kama hiyo ilikuwa imeshampita dada, na siku ilipompita nilimsikia akilia bafuni huku amefungulia maji ndooni ili tusimsikie. Kwa hivyo hata mimi niliyezoea kumcheka nilikiangalia kile kifundo na sikucheka.

Kochi simwelewi vizuri. Yeye husema "wakati wetu", yaani zamani akikimbia, na huo wakati haujawahi kupatikana kwenye picha yoyote. Udaktari wake una dawa moja tu, nayo ni kuvumilia. Goti likiuma, likimbie mpaka lichoke kuuma. Tumbo likikata, kumbuka la mpinzani wako linakata zaidi. Na watu wanamsikiliza, kwa sababu huku kwetu kuvumilia ni dini ya pili, na kuna wiki inakuwa ya kwanza.

"Barafu," aliagiza. "Na si hii ya kuwekea juisi. Barafu kali. Unafunga, unavumilia mpaka usisikie kitu. Ukiacha kusikia, imepona."

Naomba usome hiyo sentensi ya mwisho tena. Mama yangu, mtu mzima, msomi, mwenye cheti ukutani, aliitikia kwa kichwa.

Nikatumwa mimi. Mtu mwenye haya hutumwa kila mahali kwa sababu inamchukua muda mrefu kutafuta neno "hapana", na akilipata tayari yuko njiani.

Barafu inapatikana pale kwenye kona kwa mama anayeuza samaki. Alihamia huku kutoka upande wa ziwa kabla mimi sijazaliwa. Anakaanga ngege, wale samaki wa ziwani, mbele ya duka, na ndani ana friza ndefu kama jeneza. Mimi nikifika pale husimama pembeni nikingoja anione, na siku nyingine yeye huuzia watu wote mpaka foleni inaisha, nimebaki mimi na paka.

"Nyathina," aliniita. Ni kusema mtoto wangu kwa lugha yao, na ndivyo anavyotuita wote. "Leo ni kichwa ama mkia?"

Nikaangalia friza.

"Sema na mdomo. Mimi sisikii macho."

"Barafu, Mama. Kali. Dada ameumia mguu."

"Woi! Na Jumamosi si ako na mbio? Ngoja nikupe ile ya safari." Aliinama akafungua boksi ambalo samaki walikuwa wamefika nalo. "Hii wanachanganya na chumvi. Inashika baridi mbaya sana, samaki anafika hapa akiwa mgumu kama mbao. Ile ya friza ni ya watoto." Akanijazia kandoo kadogo. "Mwambie akienda ng'ambo asisahau nani alimtibu."

Nilirudi nyumbani nikinuka samaki, na upepo wa jioni ulikuwa wenye baridi kiasi kwamba sikuona tofauti kati ya mkono ulioshika ndoo na ule mwingine. Mama alikuwa amemketisha dada kwenye sofa kubwa la wageni, lile ambalo sisi watoto haturuhusiwi kukalia. Hapo ndipo nilijua jambo ni zito.

Nilipowaambia barafu ile ina chumvi, kochi alisema ndiyo kali hiyo, akaimimina kwenye kipande cha nailoni, akakifunga, akakiweka juu ya ngozi tupu. Hakukuwa na taulo wala soksi. Kisha akazungusha bandeji na kukaza kama anafunga mzigo nyuma ya pikipiki.

"Uuuwi!" dada alisema.

"Hiyo ni nini?" kochi akauliza.

"Inachoma!"

"Inachoma nani? Wewe ni wa wapi? Wewe si wa huku?"

Dada akafunga mdomo. Ukiulizwa wewe ni wa wapi, umemalizwa. Machozi yalimtoka bila sauti, mama akamshika bega, kochi akabonyeza mojawapo ya saa zake. Baadaye akabonyeza ya pili, sijui ya nini. Chai ikaletwa. Kochi akatusimulia kuhusu kijana fulani wa wakati wao aliyekimbia na mfupa uliovunjika akashinda, na hadithi ilipofika mzunguko wa mwisho dada akasema, kwa sauti ya mshangao:

"Haiumi."

"Nini?"

"Haiumi tena! Sisikii kitu! Aki Mama, sisikii kitu kabisa!"

"Si nilisema?" kochi aliinuka. "Si nilisema?"

Mama akainua mikono. Akasema lazima tumshukuru Mungu kwanza. Sasa, mama yangu hafanyi maombi mafupi. Alianza na uumbaji, akaja kwa familia, akapita kwa serikali, akaombea madereva wote akimkumbuka baba aliye safarini na lori la maziwa, na ndipo akafika kwenye mguu. Muda huo wote barafu ya chumvi ilikuwa imekaa pale pale. Kochi alikuwa amefumba macho kuliko mtu yeyote. Ni mimi tu niliyekuwa nimefungua la kushoto, kwa sababu vidole vya dada vilivyotokeza nje ya bandeji vilikuwa na rangi ambayo sikuipenda.

Amina ikasemwa. Bandeji ikafunguliwa.

Dada ana ngozi nzuri, ya kahawia iliyoiva. Chini ya ile nailoni palikuwa na kiraka kama kiganja, cha kijivu kinachoelekea weupe, kinang'aa kidogo kama nta ya mshumaa. Nilikigusa kwa kidole. Kilikuwa kigumu. Nyama ya mtu hai hubonyea ukiigusa, na hii haikubonyea.

Hapo lazima nieleze kitu kingine cha aibu. Shuleni mimi ni mwanachama wa chama cha huduma ya kwanza. Nilijiunga kwa sababu siku ya michezo wanachama hukaa chini ya hema na sanduku la dawa, na hakuna anayewaambia wakimbie. Kitabu chetu kiliandikwa na watu wa nchi za theluji, na kina mlango mzima kuhusu nyama ya mtu kugandishwa na baridi, frostbite. Mwalimu alipoufikia, darasa lilicheka mpaka akacheka naye. Mmoja akauliza kama tutaenda kuwaokoa dubu. Mimi nilikuwa nimeketi mbele kabisa, mahali ambapo huwezi kucheka bila kuonekana, kwa hivyo nikasikiliza. Dalili nilizikumbuka: baridi kali na kuchoma, halafu ganzi, halafu ngozi inapauka na kuwa ngumu kama nta. Na mtu hufurahi kwa sababu maumivu yameisha. Hilo la mwisho kitabu hakikusema. Mwenye kitabu hajafika Kiplombe.

Nilitaka kusema. Nawaambia ukweli, sauti yangu ina mlango wake, na mlango ulikuwa umefungwa. Nilisimama pale na kikombe cha chai nikiwa kama picha.

Kochi akatoa mfukoni chupa ya dawa ya kuchua. "Sasa tunasugua kwa nguvu, damu irudi. Halafu Mama, leta jiko, aweke mguu karibu na makaa."

"Msisugue!"

Kikombe kilianguka. Wote wakageuka. Hata mimi niligeuka, nione ni nani.

"Umesema nini?" mama aliuliza.

"Msisugue. Na msilete jiko. Imeganda. Ni... ni baridi imeigandisha nyama. Ukisugua unaichana ndani. Ukiweka kwa moto ataungua na hatajua, kwa sababu hasikii."

Kochi alicheka taratibu, kicheko cha mtu mwenye saa tatu. "Kumbe tuko na daktari kwa hii boma! Hiyo ugonjwa ni ya watu wa theluji, mtoto wangu. Umeona theluji hapa?"

"Nimeona barafu."

"Hii ni barafu ya samaki tu!"

"Na samaki aligandaje?"

Sijui hilo lilitoka wapi. Huwa majibu mazuri yananijia nikiwa kitandani, saa ambayo mtu wa kujibiwa ameshalala. Mama alimwangalia kochi, akaangalia mguu.

"Wewe nyamaza, unanitisha bure," dada aliniambia. "Mguu uko sawa. Nasikia raha."

"Basi angalia ukutani," nilimwambia. Nikachukua kalamu nikaweka ncha juu ya kile kiraka, nikabonyeza. Kisha nikabonyeza zaidi, mpaka mama akasema "Ee!"

Dada alikuwa bado anaangalia ukuta. "Si uguse basi. Unangoja nini?"

Akageuka, akaona kalamu mahali ilipokuwa, na uso wake ukafanya kitu ambacho sitaki kukiona tena.

Baada ya hapo nilisikilizwa, si kwa sababu waliniamini bali kwa sababu waliogopa. Kochi alitaka maji ya moto kutoka kwa thermosi. Nikasema hapana, vuguvugu, kama ya kumwogesha mtoto mchanga, na mama akapima kwa kiwiko kama alivyotupimia sisi. Tukautia mguu kwenye beseni. Kila maji yalipopoa mama aliongeza kidogo, mguu ukiwa umetolewa kwanza. Tulikaa hivyo muda mrefu. Kile kiraka kikaanza kulainika, kikawa chekundu, halafu cha zambarau, na ndipo dada akaanza kupiga kelele.

Niliambiwa na kitabu kwamba maumivu yakirudi ni dalili njema. Kitabu hakikuniambia kuhusu kochi.

"Unaona sasa?" alisema akininyooshea kidole. "Unaona ulichofanya? Alikuwa amepona! Umemrudishia maumivu!"

Nilitafuta jibu. Nilipolipata tulikuwa tayari zahanati.

Daktari wa zamu alikuwa kijana mwenye macho ya usingizi. Aliuangalia mguu, akatuangalia sisi, akauliza nani alifunga hiyo barafu. Kochi akatoka nje kupokea simu ambayo haikuwa imelia.

"Mmeiwahi," daktari alisema. "Imeshika ngozi ya juu, chini bado kuko hai. Malengelenge yatatoka, msiyapasue. Funga kitambaa kikavu, kilegevu. Auinue mguu, asiukanyagie. Na Mama, siku nyingine barafu ni ya maji matupu, kitambaa katikati, dakika kumi na kidogo hivi, na ganzi ikianza tu unatoa. Ganzi si kupona."

"Na Jumamosi?" dada aliuliza.

"Jumamosi iko nini?"

"Mbio."

"Hapana. Tena sikia, hii ngozi isipate baridi kali tena. Ikiganda mara ya pili, hiyo ndiyo inakula nyama kabisa. Ijumaa unirudie niione."

Kwenye geti la zahanati kochi alikuwa amemaliza simu yake. Alimwambia mama kwamba shida yote ilikuwa ya yule mwanamke wa samaki, kututilia chumvi kwenye barafu, na kwamba madaktari ni watu wazuri lakini hawajui riadha. Halafu akamwambia dada kitu kwa sauti ndogo. Mama akasema tungoje tuone, Mungu ni mwema. Mama akisema tungoje tuone, mlango wa Jumamosi umeachwa wazi.

Tulipomaliza kula nikampelekea dada mto wa kuinulia mguu. Alikuwa anaangalia dari.

"Nitakimbia," alisema.

"Daktari amekataza."

"Kochi amesema Jumamosi, kabla tu ya kuanza, tunafunga tena barafu kidogo. Kidogo tu. Ile ganzi itanitosha mpaka nimalize."

"Hiyo ganzi ndiyo ugonjwa wenyewe. Si umesikia? Ikiganda tena—"

"Nimesikia. Na wewe sikia. Kuna wasichana wa miaka kumi na sita wananipita sasa hivi. Mwaka ujao huyo mtu wa kambi haniangalii hata na jicho moja." Aligeukia ukuta. "Wewe hujui. Wewe hukimbii. Na usimwambie Mama."

Ningemwambia mama, angemwita kochi, kochi angekuja na saa zake na yule kijana wake wa mfupa uliovunjika, na katikati ya hadithi sauti yangu ingerudi ilikotoka. Ningemwambia kochi mbele ya wanariadha wake, ningefika nikasimama pembeni mpaka wote wameenda, nimebaki mimi na paka wao. Nilijijua. Nilimpenda dada yangu na nilikuwa na hasira naye, na mguu ule niliupenda bila hasira. Sikuwa na sauti ya kuuokoa. Ndipo nikakumbuka kwamba sauti si lazima iwe yangu.

Asubuhi kulikuwa na ukungu wa kukata kwa panga. Kundi la kochi lilipita nyuma ya nyumba likipumua kama ng'ombe. Dada alikuwa amelala, mguu juu ya mto, malengelenge mawili yameshatokeza chini ya kitambaa. Nilivaa sweta ya shule nikaenda kwenye kona. Mama wa samaki alikuwa anawasha moto.

"Nyathina! Mapema hivi? Na mguu?"

Sikungoja aniulize mara ya pili. "Mama, kochi amesema ni barafu yako ilimchoma dada."

Alisimama wima. "Barafu yangu?"

"Amesema hivyo kwa geti ya zahanati. Kwamba ulituwekea chumvi."

"Mimi niliwauzia barafu ya kufunga mguu uchi? Nani anafunga mguu uchi? Hata samaki hapa nafunga na gazeti! Kochi! Mtu wa saa tatu na hana medali moja!"

Nikamweleza kila kitu, polepole, kwa mpangilio, kama jibu la mtihani: kiraka cha nta, kalamu ambayo dada hakuisikia, daktari na alichosema kuhusu kuganda mara ya pili. Halafu nikamweleza mpango wa Jumamosi, na kwamba barafu hiyo kochi atakuja kuitafuta hapa kwake, kwa sababu mahali pengine hakuna. Nilijua dada hataniongelesha kwa muda mrefu. Nilijua pia kwamba yule mtu wa kambi ana masikio, na kwamba huenda habari zikamfikia naye akamwacha dada. Nilisema tu. Mama yule alikuwa ameshika koleo hewani na moto unazimika.

"Ati wamfunge tena? Mtoto wa mtu?"

"Ndiyo, Mama. Lakini tafadhali," nikashusha sauti mpaka ikawa karibu haipo, "usimwambie mtu."

"Mimi? Kwani mimi husema?"

Macho yake yalikuwa tayari ng'ambo ya barabara, kwa mama anayefungua kibanda cha mboga, na nyuma yake yule Msomali mwenye duka akifagia mbele ya mlango wake, ambako kila mkimbiaji wa Kiplombe hununua maziwa akitoka mazoezini.

Nikamshukuru, nikageuka, nikarudi nyumbani kwa njia ile ndefu ya kuzunguka shamba la mahindi, polepole kabisa, ili nimpe nafasi. Sikuwa hata nimefika kwenye ua wa kwanza nilipomsikia akianza kumwita mama wa mboga.